Mbwa Mweupe wa Nakijwa

Mama mmoja wa milimani, jina lake Nakijwa, alikuwa na mbwa mweupe aitwaye Pamba. Mumewe ndiye aliyemleta nyumbani akiwa kitoto, amembeba ndani ya koti. Mwaka uliofuata mume akafariki. Watoto hawakujaliwa. Nakijwa akabaki na mbwa, na nyumba ya vyumba vitatu, na udongo mwekundu pande zote.

Basi akautia moyo wake wote katika ule weupe. Kila Jumamosi alimchana Pamba kwanza, akifungua manyoya yaliyosokotana, kisha akamwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Alimsuuza mpaka povu liishe kabisa, maana sabuni ikibaki manyoya hufifia. Akamfuta macho kwa kitambaa chenye unyevu. Akamkausha kwa taulo la marehemu. Wapita njia walisema, "Mama huyu anajua kutunza." Maneno hayo aliyaishi wiki nzima.

Alikuwa na mdogo wake mmoja, Mbonea, mfyatua matofali kule bondeni. Kila Jumatano alipitia kwa dada yake akitoka kazini, udongo umemkaukia hadi magotini. Pamba alimrukia kifuani, naye akamkumbatia, na mbwa akabaki mwekundu tumbo zima. Mwanzo Nakijwa alitandika gunia mlangoni. Baadaye akaweka ndoo ya maji nje. Mwisho akamfunga mbwa kwa mnyororo barazani, akamwomba mdogo wake awe anasalimia akiwa langoni.

Mbonea akasalimia akiwa langoni Jumatano tatu, huku mbwa akiuvuta mnyororo. Ya nne alisema kwa upole, "Dada, kazi yangu ni udongo. Nikingoja nitakate ndipo niingie kwako, sitaingia."

Nakijwa akainama. Neno la "karibu" lilimfika mdomoni, lakini mbwa alikuwa na siku nne tu tangu aoshwe. Akalimeza.

Jumatano iliyofuata Mbonea hakuja, wala ile ya baada yake. Masika yakaanza, na kazi ya matofali ikasimama. Nakijwa alingoja hadi kungoja kukamshinda, akashuka bondeni mwenyewe, miguu ikizama katika tope. Katika chumba cha Mbonea alimkuta mpangaji mwingine, mama anayenyonyesha.

"Alihama wiki mbili zilizopita," yule mama akamwambia. "Nilimuuliza kama amewaaga ndugu zake. Akasema huku hana ndugu."

Nakijwa hakumwambia yeye ni nani. Alipanda mlima akafika kwake, akamfungua mbwa mnyororo. Pamba akaenda hadi langoni, akaketi kwenye tope, akaitazama njia ya bondeni. Nakijwa akaketi kando yake. Mvua ikawanyeshea wote wawili, na hakuna aliyepita.

Jumamosi akamwosha tena, kwa kuwa mikono yake haikuwa na kazi nyingine. Waliopita wakasifu kama kawaida. Naye akawaitikia kwa kichwa tu, akaendelea kusuuza.

Ndugu zangu, ni nani amesimama langoni kwako leo, ukimngoja atakate kwanza?