Jina la Ukurasa wa Kumi na Moja

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyeandika kitabu chake cha kwanza, habari za nyumba ya baba yake: nani alizaliwa lini, nani alioa wapi, nani amezikwa upande gani wa shamba. Alikuwa mtu makini. Tarehe moja tu ya ubatizo ilimzungusha parokia tatu. Lakini kitabu kilipokwisha, akaanza kukiogopa.

Alikwenda kwanza kwa mchapaji wa mjini, anayechapa nakala zote kwa mkupuo mmoja. Mchapaji akamwekea karatasi mezani.

"Nakala mia tano, mzee. Saini hapa. Mashine ikianza kunguruma, hata nukta siigusi. Kosa lako litakuwa kosa mara mia tano."

Mwalimu akashika kalamu. Akakumbuka ukurasa wa kumi na moja, akairudisha kalamu mezani, akasema amesahau miwani nyumbani. Miwani ilikuwa usoni.

Ukurasa huo ulikuwa na nini? Majina ya watoto wa baba yake. Ndugu zangu, katika mfano huu simtaji mtu jina, isipokuwa mmoja, kwa sababu jina lake ndilo lililoachwa. Aliitwa Nakijwa. Baba alimzaa nje ya ndoa, akamleta nyumbani akiwa na miaka minne. Ndiye aliyemwogesha baba huyo katika ugonjwa wake wa mwisho, wakati wale saba wa ndoa, mwalimu akiwamo, walikuwa mbali, kila mtu na kazi zake. Siku mwalimu alipokuwa akikusanya majina, Nakijwa alimuuliza huku akichambua mchicha, bila kuinua macho:

"Na mimi nimo, kaka?"

"Umo. Wewe subiri kitoke."

Lakini baba mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alikuwa ameshasema neno lake: "Siku utakayomwandika yule, usinijue. Na ukifa, sitakuja kukuzika." Mwalimu aliyasikia maneno hayo hata akipiga mswaki.

Basi akaenda kwenye kampuni nyingine. Huko alipokewa na binti mchangamfu.

"Shikamoo, mzee. Sisi hatuchapi mpaka mtu aagize. Akiagiza mmoja, tunachapa kimoja, tunamtumia. Faili lako linakaa kwetu. Ukiona kosa unaleta faili jipya, na kitakachofuata kinatoka safi."

"Wakati wowote?"

"Wakati wowote, mzee wangu."

Mwalimu akatulia. Akasema moyoni: kwa sasa niandike watoto saba, baba mdogo akipoa, nitamwingiza na huyu. Akalikabidhi faili. Katika wiki mbili alilirekebisha mara tisa: mikato, nukta, herufi za jina la mlima. Ukurasa wa kumi na moja hakuugusa.

Ndipo ukaja ujumbe kwenye simu: Hongera, umepata oda ya kwanza. Akasoma jina la mwagizaji. Alikuwa Nakijwa.

Akapiga simu kwenye kampuni. "Kile cha oda ya kwanza, kizuieni!"

"Kimeshachapwa, mzee. Kimeondoka na basi la asubuhi."

"Nina masahihisho! Ya leo leo!"

"Yalete tu. Kitakachofuata kitakuwa sahihi."

Akatuma masahihisho, akafunga safari. Njia nzima alikuwa akiomba basi lile liharibike, mvua inyeshe, mzigo uangukie mtaroni. Mmewahi kusikia jambo kama hilo? Mtu ameandika kitabu kwa miaka sita, halafu anamwomba Mungu kipotee njiani.

Alimkuta Nakijwa kibarazani. Kitabu alikuwa ameshakivika jalada la gazeti, kama daftari la shule, kisichafuke. Kidole chake kilikuwa juu ya ukurasa wa kumi na moja.

"Karibu, kaka. Nimehesabu mara tatu. Nikadhani ni macho yangu."

"Dada, nimesharekebisha. Kitakachofuata utakuwamo, naapa."

Nakijwa akakifunga taratibu, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama tunavyompa mgeni kitu.

"Kitakachofuata ataagiza mtu mwingine, kaka. Mimi nilikuwa nataka hiki."

Ndugu zangu, ile kampuni haikumdanganya. Faili lilirekebishika siku ile ile. Nakijwa je, naye alirekebishika?

Sisi nasi tunamwambia Mungu: niache kwa sasa, nitaweka sawa baadaye. Tunasahihisha mikato. Tunanyoosha kanzu za kwaya, tunapaka rangi madirisha ya kanisa, na ukurasa tunaouogopa tunaupita kwa ncha za vidole. Wewe uliyemjibu mkeo vibaya asubuhi ya leo, yeye ameshapokea nakala yake. Mama anayengoja simu yako tangu Pasaka, nakala yake imo mikononi. Kesho utakuwa mtu mwema zaidi, sawa, lakini kwa nani? Una hakika atakuwapo wa kukusoma?

Ukurasa wako wa kumi na moja umeacha jina la nani? Usinijibu mimi. Na amina msiitikie bado. Mahali fulani, saa hii tunayokaa hapa, kuna mtu anahesabu majina kwa kidole, mara ya pili. Mwahini kabla hajahesabu ya tatu.