Wolbrand Mshindilia Misitu na Mfereji Uliokaushwa

Kaeni kitako, enyi watu wa mifereji, na asiyetaka kukaa na asimame, lakini kusikia atasikia. Maana nimeambiwa mmekubaliana kuyafukia maji yaliyo mbele ya nyumba zetu ili magari yenu yapate pa kulala, na hasira niliyo nayo haiwezi kungoja kesho.

Zama za mababu wa mababu zetu, kabla Amsterdam haijaitwa mji, seuze mji mkuu wa Uholanzi, hapa palikuwa tope tupu kwenye mlango wa mto, na kila aliyejenga aliiona nyumba yake ikididimia hadi madirishani. Ndipo akainuka Wolbrand, mwana wa Gisbert mkata mboji ya kuwashia moto, mjukuu wa Aleid aliyeizuia bahari kwa koleo. Wolbrand Kifua cha Mwaloni, Wolbrand Mshindilia Misitu, ambaye gogo la kupigilia nguzo lililowatoa jasho wanaume kumi yeye alilinyanyua peke yake. Akaishindilia misonobari mizima topeni, mmoja baada ya mwingine, hadi ikagota kwenye mchanga mgumu ulio chini, na juu ya vichwa vyake akajenga. Msitu umelala chini ya miguu yenu, nanyi mnatembea juu yake mkijiona warefu!

Aliyemwimbia akipiga alikuwa Machteld, mjane aliyekwisha kumezewa nyumba mbili na tope lile, na watu wote wakamwitikia:

*Shuka mti, shuka, ukaukute mchanga,*
*Nasi tupate juu pa kulaza wachanga.*

Nyumba ya kwanza ikawa yake. Wolbrand akamwapia mbele ya umati, "Mama Machteld, hii haitazama nami ni hai." Kisha akawageukia watu akatamka neno ambalo kila mtoto wa mji huu hulijua kabla ya kujua jina lake: "Mti uliolala majini hauozi. Atakayeuondolea maji amenichimbia kaburi, na lake atalichimba papo hapo."

Miaka ikapita, akatawala Reinoud, bwana wa ngome, mtu wa mikufu na manukato, aliyeona aibu wageni wake kuja kwa mashua ilhali mabwana wenzake walikuwa na njia pana za farasi. Akautamani mfereji uliopita mbele ya nyumba ya Machteld aukaushe. Lakini alimwogopa Wolbrand, basi akamtuma misitu ya kaskazini kuleta magogo ya kanisa, na kila jahazi lililoleta magogo lilirudishwa kwake na amri ya kuleta mengine. Huku nyuma akalifunga lango lililoingiza maji ya mto mferejini, maji yakakauka, mawe yakatandazwa.

Mnadhani wazee wetu walikataa? Walishangilia! "Na sisi tumechoka na unyevu," walisema. "Bwana katupa njia, tumwambie hatuitaki?" Machteld peke yake alipita mlango kwa mlango, mzee kama alivyokuwa, akigonga kwa fimbo. "Jamani, kiapo mmekisahau? Yarudisheni maji!" Wakamcheka, wakasema nyimbo zimemlewesha. Mwenye macho haambiwi tazama. Wale walikuwa na macho, na wakaambiwa, na bado hawakutazama.

Nguzo zikapata hewa, zikaoza polepole. Nyumba zikaanza kuegemeana, na ile ya Machteld, iliyokuwa kongwe kuliko zote, ikamwangukia akikanda unga wa mkate.

Wolbrand alirudi akaikuta kifusi. Hakulia. Alinguruma, na wanaosimulia husema kengele za kanisa ziliitikia. "Reinoud ni mwizi, na dawa ya mwizi ninayo. Lakini ninyi! Niliwapa ardhi pasipo ardhi, mkaitoa kwa njia ya farasi wa mtu mwingine, mkamwacha mama yule apige kelele peke yake! Pandeni ghorofani na watoto wenu. Maji yanarudi kwao."

Akalishika gogo lake akaliendea lango, akalipiga hadi likapasuka, na mto ukaingia kwa ghadhabu ukaing'oa njia ya Reinoud jiwe kwa jiwe. Reinoud alikimbia mji na kaburi lake halijulikani. Wolbrand walimwona amesimama katikati ya pengo, maji yakimfika kifuani, na maji yalipotulia likaonekana gogo tu likielea.

Tangu siku ile nyumba zilizoinama haziinuliwi, ziachwe ziseme. Na kila panapopigiliwa nguzo mpya, pigo la kwanza hupigwa kimya, kwa sababu mwenye wimbo hayupo. Wimbo huanza pigo la pili.

Sasa mmesikia. Mimi nakaa katika nyumba iliyoinama kuliko zote mtaani, na mnaijua. Mtakapokuja na mchanga wenu mtanikuta kizingitini. Mpige pigo moja kimya kama desturi ilivyo, kisha mniimbie wimbo wa Machteld, mkinitazama usoni, ndipo mmwage.