Goli la Swala na Mdomo wa Chui

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Palikuwa na uwanja.
Na nyuma ya uwanja?
Palikuwa na bwawa.
Na ndani ya bwawa?
Hatujui.
Basi sogeeni mjue. Na wewe wa Mbugani kaa mbali kidogo na huyo wa Jabali, leo sitaki kuamua ugomvi wa mtu.

Hapo kale wanyama walikuwa na timu mbili tu za mpira. Ya kwanza iliitwa Jabali, timu ya wakazi wa mawe: nyani, ngedere, mbuzi mawe, kenge na pimbi. Ya pili iliitwa Mbugani, timu ya wakazi wa nyasi: swala, ngiri na nyumbu. Jabali walijua kushangilia. Mbugani walijua kufunga. Ukitaka kujua ligi ilikuwaje, ndiyo hivyo, hakuna zaidi.

Mfadhili wa Mbugani alikuwa Chui. Chui hakununua mpira, hakununua nyavu, wala hakuwahi kumpa mchezaji hata tango la kutafuna. Alikaa jukwaani tu, na mwamuzi alimwona amekaa.

Baina ya timu hizo palikuwa na utani, na utani mnaujua. Mtani akikuchukulia kuku, unacheka. Akija msibani kwako akajilaza kwenye jeneza, unacheka. Ukinuna, wewe ndiye mbaya. Chui aliupenda sana utani huo. Kila Jabali walipofungwa, jioni alipanda mawe, tapu, tapu, tapu, akasimama kwenye tawi la Wanajabali, pale mashabiki walipokutana.

"Mmefungwa," alisema. "Nimekuja kutania."

Akamchukua mmoja, akashuka naye. Akifika chini hugeuka na kusema, "Utani tu, jamani."

Na Wanajabali walicheka, he, he, he, huku kila mmoja akimtafuta mwenziwe kwa macho kujua nani hayupo. Wakafungwa, akaenda mbuzi mawe. Wakafungwa tena, akaenda nyani aliyekuwa akishona bendera. Wakafungwa tena, akaenda Kenge mzee mpiga ngoma, na tangu siku hiyo Jabali walishangilia kwa kupiga makofi tu.

Sasa, katika mawe hayo aliishi Pimbi. Pimbi hakuwa na meno ya maana, hakuwa na kucha, hata mkia hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni maoni. Asubuhi pimbi wote walipotoka pangoni kuota jua kwenye jiwe bapa, yeye alikaa katikati na kuanza uchambuzi, na dada yake Siwema alikaa ubavuni kwake.

"Mbugani hawajui mpira," Pimbi alisema. "Wanajua kukimbia. Mpe Swala uwanja usio na mpira, utaona anacheza vilevile."

Pimbi wakacheka.

"Na mwamuzi Korongo anasimama kwa mguu mmoja kwa sababu wa pili ameshauweka Mbugani."

Pimbi wakacheka zaidi. Siwema naye alicheka, na mumewe Kitwana alicheka kuliko wote, maana Kitwana alikuwa mtu wa kucheka.

Ikaja mechi ya mwisho wa msimu. Bila kwa bila. Dakika zikapita, bila kwa bila. Sare ingempeleka Chui kulala njaa, na Wanajabali walikuwa wamesimama roho mkononi. Zikaingia dakika za majeruhi. Mpira ukarushwa mbele, Swala akaupokea, puu, nyavuni.

Wanajabali wote wakageuka kumtazama Pimbi, kwa sababu yeye na Siwema walikuwa wamekaa juu ya lile jiwe bapa lao, lililokuwa sawasawa na beki wa mwisho. Hakuna aliyeona vizuri kuliko wao wawili. Na Pimbi aliona. Alimwona Swala, na nyuma ya Swala, karibu zaidi na goli, alimwona Ngedere, beki wao wenyewe, amelala ndani ya uwanja akijichomoa mwiba mguuni. Swala hakuotea. Lile lilikuwa goli halali.

Lakini mdomo wa Pimbi haukungoja macho yake. "Ameotea," alisema. "Ameotea hatua mbili."

"Ameotea!" wakapokea Jabali wote, na neno likashuka mawe, likavuka uwanja, likafika masikioni kwa Chui.

Chui mngeweza kumwita mwizi, akacheka. Mngeweza kumwita muuaji, akashukuru. Lakini goli lake likataliwe? Jioni ile alipanda mawe haraka, tapu-tapu-tapu.

"Nani kasema Swala kaotea?"

Wanajabali wakatazama miguu yao.

"Basi nitachukua kutoka jiwe lile neno lilipotokea." Akamkamata Kitwana, akashuka naye. Chini akageuka. "Utani tu, jamani."

Wakacheka. Siwema naye akacheka, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, kisha akaingia pangoni na hakutoka siku nne.

Na Pimbi? Pimbi hakuacha kusema ameotea. Alisema asubuhi, alisema jioni. Angesema nini tena? Akikiri kwamba goli lilikuwa halali, basi shemeji yake amekufa kwa ajili ya porojo, na porojo ni yake. Hilo lilimuuma hata usingizini, na lilipomuuma alisema tena, ameotea, ili lisiume.

Msimu mpya ulipokaribia, Chui alituma salamu. "Jumamosi ndiyo mechi ya kwanza. Tukishinda namtaka Siwema. Mjane hana wa kumlilia."

Siku hiyo Pimbi alikaa kwenye jiwe bapa na hakuchambua chochote. Ijumaa asubuhi akashuka, akaenda nyumbani kwa Chui.

"Shikamoo, Mfadhili."

"Marahaba. Umekuja kuniambia Swala kaotea?"

"Nimekuja kukuambia kamati yetu ya ufundi imezika kitu kwenye lango la kuingilia uwanjani."

Hapo Chui alikaa wima. Kila timu ilikuwa na kamati ya ufundi, na msidhani ufundi wenyewe ulikuwa wa kupiga mpira. Ulikuwa wa kuzika. Wakizika jicho la ndege langoni, timu haipiti langoni. Wakimwaga maji ya maiti kwenye nyasi, timu haikanyagi nyasi. Chui, ambaye hakuogopa mkuki, aliogopa mfupa wa kuku uliofungwa kitambaa.

"Wamezika nini?"

"Sijaona. Lakini timu itakayopita langoni kesho haitafunga goli, na isipofunga hutapata wa kutania."

Mnaniuliza palikuwa na nini langoni? Palikuwa na vumbi.

"Tutapita wapi basi?" Chui aliuliza. "Uwanja mzima umezungushiwa boma la miiba."

"Nyuma boma halipo. Kule kwenye majani ya kijani. Hakuna aliyewahi kupita kule, kwa hiyo hakuna aliyezika kule. Nitakuonyesha njia. Nami nakuomba kitu kimoja, Mfadhili. Mwache dada yangu, chukua mwingine."

"Nimekubali," alisema Chui, na mate yalimtoka akisema.

Jumamosi asubuhi Pimbi alisimama ukingoni. Majani yalikuwa yametanda, kijani, yametulia, ungeyadhani kiwanja kingine. Kumbe yalikuwa yanaelea juu ya bwawa. Juu yake pimbi aliweza kutembea, na chini yake palikuwa na tope ambalo hakuna aliyewahi kulifikia mwisho. Chui akaja na timu yake yote, nyumbu wakitangulia, ngoma mgongoni.

"Ninyi kaeni hapa nyuma ya matete," aliwaambia. "Njia nitaipima mimi. Nikifika ng'ambo nitawaita."

Kisha akageuka, na Pimbi akaona alichokuwa amekishika chini ya mguu. Alikuwa Siwema. Alikuwa ameviziwa alfajiri, akishuka kuchuma majani.

"Tangulia, Pimbi," alisema Chui. "Dada yako nitambeba mwenyewe. Nikilowa ukucha mmoja, nafunga taya." Akamwinua Siwema kwa shingo, akamweka mdomoni.

Hili Pimbi hakulipanga. Akisema kuna tope, Chui ataua wawili papo hapo. Asiposema, ataua mmoja. Akatazama macho ya dada yake, akakanyaga majani.

Pimbi akapita, tipu, tipu, tipu. Majani yakamshika. Chui akafuata, tapu. Majani yakamshika. Akaongeza, tapu. Majani yakalegea. Akaongeza ya tatu, lodo! Miguu minne ikaenda.

Chui akavuta mguu, tope likavuta zaidi. Lodo, likafika magotini. Lodo, likafika tumboni. Nyuma ya matete palikuwa na nyumbu wa kuvuta chui kumi. Angeita mara moja tu wangekuja. Lakini mdomo ulikuwa na kitu, na Chui tangu azaliwe hakuwahi kuachia kilichomo mdomoni. Badala ya kuachia akaanza kufunga taya, kama alivyoahidi. Pimbi alisikia shingo ya Siwema ikilia, kwi, kwi.

Pimbi hakuwa na meno, hakuwa na kucha. Akakaa juu ya majani kama anavyokaa juu ya jiwe lake asubuhi, akaanza uchambuzi.

"Mfadhili, Mbugani hawajui mpira."

"Mmm," Chui aliguna kwa pua. Lodo, likafika kifuani.

"Mfadhili, kombe la mwaka juzi mlibebwa na mwamuzi."

"Mmmm." Taya likamtetemeka. Lodo, likafika mabegani.

"Na lile goli la Swala," Pimbi alisema. "Ameotea."

Chui akafungua mdomo.

"Hakuotea!"

Siwema akaanguka, chubwi, akajikokota juu ya majani, tipu, tipu, damu ikimfuata. Na sasa mdomo wa Chui ulikuwa mtupu. Angeweza kuita. Nyumbu walikuwa palepale.

"Hakuotea," alisema Chui. "Ngedere alikuwa amelala nyuma yake."

"Ngedere alikuwa nje ya uwanja," alisema Pimbi.

"Alikuwa ndani, anajichomoa mwiba. Niliona mwenyewe. Goli halali!"

"Ameotea hatua mbili."

"Goli! Goli halali!"

Nyuma ya matete Wanambugani walisikia mfadhili wao anapaza sauti, wakajua ameanza kushangilia. Wakashusha ngoma. Ndu-ndu, ndu-ndu. "Goli!" wakaitikia kwa furaha. "Halali!"

"Goli hala..." alisema Chui, tope likiwa kidevuni.

"Halali!" wakamalizia wenzake.

Blup.

Majani yakarudi mahali pake, yakatulia. Pimbi alibaki amekaa. Hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Chui alikuwa anasema kweli, tena kweli tupu, ile ile aliyoiona Pimbi kwa macho yake, na amezama nayo.

Wanambugani walingoja kuitwa, wakachoka, wakapita langoni kwenye vumbi. Wakashinda mbili bila.

Jioni Wanajabali walikaa tawini wakingoja kutaniwa. Tapu haikusikika. Mmoja akacheka kwa mazoea, he, kisha akaona haya. Ndipo Pimbi akasimama akawasimulia, wakambeba juu juu, wakampa cheo cha Mchambuzi Mkuu. Tangu hapo kila asubuhi husimulia kwenye jiwe bapa. "Chui kafika kifuani, nikamwambia, ameotea." Na Jabali wote huitikia, "Ameotea!" Hatua mbili zilishakuwa tatu.

Kidonda cha Siwema kilipona, ila sauti yake haikurudi sawa. Alikaa ubavuni kwa ndugu yake akisikiliza, asubuhi baada ya asubuhi. Siku moja, watu wakiwa bado wanapiga makofi, akamgusa.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ile ya kukwaruza. "Siku ya goli nilikuwa hapa hapa kando yako. Nilimwona Ngedere."

Pimbi alitazama chini. "Nilikuokoa kwa neno lile, dada."

"Uliniokoa. Na ndilo neno lililomla Kitwana."

Akainuka, akahamia jiwe la upande wa pili, lile la baridi, ambalo jua hulifikia mchana. Yuko huko mpaka leo. Pimbi alimtazama anavyokwenda, na watu wakamwambia, endelea Mchambuzi, ikawaje? Akaendelea.

Filimbi ya mwisho imelia. Aliyeipenda hadithi aende nayo kwao, asiyeipenda akakate rufaa.

Na funzo? Hadithi haikosi funzo. Chui alisema kweli, akazama. Pimbi alisema uongo, anaota jua na anapigiwa makofi. Kwa hiyo, wanangu, semeni kweli daima.

Na wewe uliyenuna hapo nyuma, cheka. Utani tu, jamani.