Nyati Aliyetaka Vyote vya Marehemu

— Mpo?
— Tupo!
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo yote mawili!
— Niwaambie kweli?
— Tudanganye!
— Basi palikuwa na kichaka.
— Tukione!

Palikuwa na kichaka cha miiba katikati ya mbuga kavu. Ndani ya kichaka palikuwa na ardhi nyeupe yenye chumvi, na mwenye kichaka alikuwa Digidigi. Mnamjua Digidigi. Ni swala mdogo kweli. Ukimsimamisha karibu na mbuzi, mbuzi anaonekana ng'ombe. Digidigi haishi kundini. Wanaishi wawili, mume na mke, mpaka mmoja afe. Na mke wa Digidigi huyu, jina lake Tunu, alikuwa amekufa kwa homa ya siku tatu. Digidigi akabaki mgane.

Hakulia mbele ya watu. Waliokuja kumwambia pole aliwajibu, "Tumeshapoa," kisha akawauliza habari za watoto wao. Lakini tangu siku ya maziko hakuingia tena katika njia za kichaka alizokuwa akipita mkewe. Alikula mlangoni. Alilala mlangoni.

Zamani sheria ya mbuga ilikuwa fupi: mwenye mali akifa, anayekanyaga kwanza ndiye mrithi. Na nani atakanyaga kwanza kama si mwenye kwato pana? Kwa sheria hiyo Nyati na nduguze walirithi bwawa la Kobe. Wakarithi shimo la Mhanga. Wakarithi kivuli cha Twiga. Wakaviita vyote biashara ya ukoo, na ukitaka kunywa, ukitaka kulala, ukitaka kukaa kivulini, unakwenda kwanza kumwamkia Nyati.

Siku kumi baada ya Tunu kuzikwa, sheria mpya ikaingia. Ililetwa na Ndege Karani, yule mwenye miguu mirefu na manyoya nyuma ya sikio kama kalamu. Alipanda juu ya kichuguu, akakohoa, akasoma. Maneno yale yalikuwa membamba kuliko miguu ya Karani. Hayakuwa na pembe wala meno. Lakini kila lilipotoka neno, Simba mwenyewe aliinamisha kichwa, na wadogo walipoona Simba kainamisha kichwa, miili ikawasisimka.

Karani akasoma: mali ya mume na mke ni ya wote wawili. Akasoma: sehemu ya marehemu itangoja siku arobaini, na mwenye dai alete dai lake.

Hapo Nyati akapiga miayo. "Nimeelewa. Siku arobaini, unadai, unapewa. Yaliyobaki someaneni wenyewe, mimi nakwenda kula."

Akaondoka, na nduguze nyuma yake: budu, budu, budu. Jua likapanda. Pundamilia akaondoka. Kanga akaondoka. Aliyebaki mpaka kifungu cha mwisho ni Digidigi peke yake.

"Karani," akasema, "naomba unirudie hicho cha mwisho."

Karani akakirudia.

"Mara moja tena, tafadhali."

Tangu aanze kazi, Karani hakuwahi kuombwa hivyo. Akasoma taratibu, kwa heshima, kama anayemsomea hakimu. Digidigi akashukuru, akarudi mlangoni kwake, akangoja. Alijua Nyati atakuja.

Siku ya thelathini na tisa, Nyati akaja.

"Pole, mgane."

"Tumeshapoa, Bwana Nyati. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, wananenepa." Macho ya Nyati yalikuwa yameshafika kwenye chumvi. "Nimekuletea kitu cha marehemu." Akatoa gome la mti, na juu ya gome palikuwa na alama ya kwato ndogo. "Wasia. Sehemu yake ameniachia mimi. Ndugu zangu wanne ni mashahidi."

"Ni mashahidi!" wakaitikia wale wanne, mmoja bado anatafuna.

Digidigi akaitazama ile kwato. Tunu alikuwa na ufa katika kwato ya kushoto, alioupata kwenye jiwe siku waliyohamia hapa. Kwato ya gomeni haikuwa na ufa. Ilikuwa kwato ya mwanambuzi. Angeweza kusema. Lakini neno lake lingekuwa moja, na mashahidi wa Nyati walikuwa wanne, kila mmoja na pembe mbili.

"Ameandika vizuri," akasema. "Tuonane kesho barazani."

Siku ya arobaini wanyama wote wakakusanyika mbele ya kichaka. Hakimu alikuwa Ndovu. Nyati akaeleza dai lake kwa sauti kubwa. Ndovu akageuka.

"Digidigi, unapinga?"

"Sipingi, mheshimiwa."

Mbuga ikaguna. "Masikini," Kanga akamnong'oneza mwenzake, "huyu hakufiwa na mke tu, kafiwa na akili."

"Ila nina ombi," akasema Digidigi. "Bwana Nyati achukue ardhi, achukue chumvi. Lakini kuna vitu vya marehemu vidogo vidogo, ningependa vibaki kwangu."

Nyati akasimamisha masikio. "Vitu gani?"

"Havikufai, bwana mkubwa."

"Nani kakwambia havinifai? Unanificha nini, we kijitu?"

"Ni mipaka yake tu."

"Hata mipaka naitaka!"

"Na njia zake za kichakani."

"Hata njia nazitaka!"

"Na kazi yake ya kila siku."

"Hata kazi naitaka! Karani, andika. Vyote! Kisibaki kitu, hata unyoya!"

"Swala hana unyoya," akasema Karani.

"Andika hivyo hivyo!"

Karani akaandika, kwaru, kwaru, kwaru. Kisha akafungua sheria, akaenda moja kwa moja kwenye kifungu cha mwisho, akasoma. Atakayepokea vyote vya marehemu, awe nani, atapita njia zote alizopita marehemu. Ataigusa kila alama aliyoiweka. Hatavunja tawi, maana matawi ni ushahidi. Atasimama mahali pake pa kazi, na kazi ataifanya. Akikataa, amekataa vyote, yeye na ukoo wake, siku zote.

"Hayo yalisomwa lini?" akauliza Nyati.

"Siku ile ile, bwana. Ulikwenda kula."

Nyati akacheka. "Njia ni njia. Iko wapi?"

Digidigi akamwonyesha. Palikuwa na tundu chini ya miiba, kimo chake kimo cha goti la Nyati. Nyati akaingiza pembe. Kra!

"Tawi moja," akasema Karani. "Rudi nyuma, anza upya."

Nyati akaingiza pua kwanza. Kra!

"Tawi moja. Rudi nyuma, anza upya."

Nyati akapiga magoti. Akalaza pembe mgongoni, akavuta tumbo, akapumua kidogo kidogo: fff, fff, fff. Kichwa kikaingia. Shingo ikaingia. Mabega yakaingia nusu, yakakataa. Mbele hayaendi. Nyuma hayarudi. Mwiba mmoja ukakaa ndani ya pua, mwingine ukakaa juu ya jicho, na nje ya kichaka makalio ya Nyati yakabaki juani, yakitazamwa na wanyama wote.

"Umefika vizuri," akasema Digidigi, aliyekuwa amesimama ubavuni. "Hapo kichwa chako kilipo ndipo mahali pake pa kazi."

"Kazi yenyewe ipi?" Sauti ilitokea miibani.

"Kupiga mbinja Simba akija, ili majirani wakimbie. Alikuwa akifanya hivi: zik! zik!"

"Mbrrruuu," akajaribu Nyati.

"Karibu sawa. Utazoea."

Nyati akajaribu kugeuza shingo, ikakataa. Halafu akauliza polepole, "Na Simba... huwa anakuja kwa upande gani?"

"Kwa nyuma, bwana."

"Nyuma ya kichaka?"

"Nyuma yako."

Simba, aliyekuwa amekaa na baraza kwa adabu zake zote, akakohoa kidogo tu.

"Nimekataa!" Makalio yakaruka. "Karani! Nimekataa! Andika!"

"Umekataa nini, bwana?"

"Vyote! Mipaka, njia, kazi, chumvi, vyote! Mimi na ukoo wangu! Nivuteni!"

Karani akaandika, kwaru, kwaru, kwaru. Nduguze wanne wakashika mkia. "Haya, vuta! Haya, vuta!" Po! Nyati akatoka. Kanga wakacheka mpaka wakaanguka: kekekekeke!

Digidigi hakucheka. Alikuwa amekwishainama kumshukuru hakimu, tayari kurudi mlangoni kwake. Ndovu akainua mkonga.

"Bado, Digidigi. Sheria imesema awe nani. Nawe ni mdai. Ingia, upite njia zake, uguse alama zake. Pimbi atakufuata awe shahidi."

Digidigi akasimama pale pale. Kifungu kile alikisikia mara mbili kwa ombi lake mwenyewe. Mara zote alikisikia kwa masikio ya kumnasa Nyati. Hakusikia kuwa kinamhusu na yeye.

"Mheshimiwa, sehemu yake ipo magharibi tu," akasema. "Tuligawana. Mashariki nilikuwa natia alama mimi."

"Tutaona," akasema Ndovu.

Basi akaingia. Pimbi nyuma yake.

Digidigi huweka alama kwa macho. Chini ya jicho ana tundu dogo, na humo hutoka tone jeusi lenye kunata kama utomvu. Hulibandika kwenye ncha ya kijiti, na mwenziwe akipita anajua nani amepita. Digidigi akaifikia alama ya kwanza ya Tunu. Ilikuwa imekauka, inang'aa. Akaigusa kwa pua.

"Ameigusa!" Pimbi akapaza sauti.

"Ameigusa!" wanyama wakaitikia nje.

Akaigusa ya pili. "Ameigusa!" Akaigusa ya tatu. "Ameigusa!" Kila kijiti kilikuwa na tone. Kushoto tone, kulia tone. Njia ya magharibi ikaisha, jua likapita utosini, wakaingia mashariki, na Digidigi akasimama.

Kando ya kila alama yake palikuwa na ya Tunu.

Hakuruka hata moja. Alipopita mume asubuhi, mke alipita nyuma yake, akaweka tone lake karibu na la mume, bila kugusana, kama vikombe viwili kwenye sinia. Miaka yote hiyo, na Digidigi hakujua, kwa sababu hakuwahi kugeuka nyuma.

"Ameigusa," akasema Pimbi. Hakupaza tena sauti.

Nje wakaitikia polepole, "Ameigusa."

Wakasonga mbele. Mahali fulani Digidigi akaona alama zimeshuka. Zilikuwa kimo cha jicho. Sasa zilikuwa kimo cha bega. Mbele kidogo zilikuwa kimo cha goti. Mbele zaidi zilikuwa juu ya vijiti vinavyokaribia kugusa vumbi, tone baada ya tone, ndogo, lakini kila moja mahali pake. Akaelewa ni alama za siku zipi. Siku zile tatu za homa alidhani mkewe amelala. Kumbe yeye alipotoka kutafuta majani mabichi ya kumletea, mkewe aliinuka, akauzunguka mpaka, akarudi, akajilaza. Kichwa kilikuwa hakiinuki tena, lakini mpaka aliuzunguka.

Digidigi akapiga magoti ili azifikie. Akazigusa moja moja. Hakuruka hata moja. Pimbi alikuwa shahidi, na ilimpasa kusema. Badala yake naye akapiga magoti. Ndovu, aliyekuwa akitazama juu ya miiba, hakumkemea. Nje hapakuwa na aliyeitikia. Kanga walikuwa wamesimama, kila mmoja kwa mguu mmoja, wamesahau kuushusha wa pili.

Alipotoka, Karani alikuwa amekwishaandika kila kitu, bila kwaru hata moja.

"Kichaka ni chako," akasema Ndovu. "Na kazi ni yako."

"Nimepokea, mheshimiwa."

Wanyama wakatawanyika kwa kunyata, hata wale wa kwato pana. Nyati alibaki nyuma, anachomoa miiba puani. Akaja karibu, akauliza kwa sauti ambayo hapana aliyejua anayo:

"Vile vyote... aliviweka kwa macho?"

"Kwa macho."

Nyati akachomoa mwiba wa mwisho.

"Basi hata mlango ungekuwa mpana," akasema, "ningeshindwa."

Akaenda zake. Digidigi akaingia ndani, akasimama mahali pa mkewe pa kazi, akajaribu. Zik. Mara ya kwanza haikutoka vizuri. Ya pili ikatoka.

Sasa ndugu zangu, funzo ni hili, na kila mtu alishike: tuwahurumie wenye nguvu, maana sheria mpya zinawaonea. Wadogo wasiruhusiwe kusikiliza mpaka kifungu cha mwisho, wanakosa adabu. Na ukifiwa, ukisomewa sheria, sikiliza vifungu viwili, piga miayo, nenda kale.

— Mmesikia?
— Tumesikia!
— Mtalifuata?
— Hatulifuati!
— Basi uongo wangu nimeutua hapa. Mwenye mgongo imara aubebe.
— Tumeubeba!