Mikaratusi ya Marehemu Nangasu

Sogeeni, wenye meno na vibogoyo, tutafune neno hili.

Milimani Upareni walikuwapo wanawake watatu. Nakijwa, mtafiti wa misitu, ndiyo kwanza katoka chuoni, alikuwa na macho: akiutazama mti anajua unakunywa wapi. Eliwaza mjane, mwenyeji wake, alikuwa na mikono; shoka kwake jepesi kama mwiko. Ndekirwa alikuwa na masikio: aliwasikia waliozikwa. Mumewe alimkimbia kwa hilo, ingawa wengine wanasema alikimbia ulimi.

Chemchemi ikakauka. Ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, likabaki tope. Wazee wakaahidi: atakayerudisha maji apewe zamu ya kwanza ya maji kila msimu, hata akiwa mwanamke. Walicheka kidogo waliposema hivyo.

Nakijwa akapanda hadi kwenye jicho la chemchemi. Pamejaa mikaratusi. Aliipanda marehemu Nangasu, mama yake Ndekirwa; mwanamke hakurithi shamba, na pale hapakuwa na mwenyewe.

"Hii ndiyo inayoyanywa maji," Nakijwa akasema.

Miti ikalia. Upepo haukuwapo, majani yametulia tuli. Kilio cha mama mtu mzima, kutoka ndani ya magogo.

Eliwaza akashusha shoka. "Mwanangu, mimi sikati kitu kinacholia."

Wakamwita Ndekirwa. Akalikumbatia gogo, akanong'ona nalo hadi jua likageuka. "Anauliza nyumba yangu mimi mwanawe itajengwa kwa mbao zipi miti ikiisha," akasema. "Basi kata, shoga. Amekubali, ila hajaridhika."

Eliwaza akakata mpaka viganja vikachanika. Kila mti ulipoanguka, Nakijwa alihisi mtu akimpumulia shingoni.

Mvua zikaja, maji yakarudi. Ugomvi nao ukaja.

"Bila macho yangu mngekata msitu mzima," alisema Nakijwa. Aliyataka maji kwa kitalu cha miche, wanawake wapate miti yao ya halali.

"Na macho yako yameangusha mti gani?" akauliza Eliwaza, ambaye maharage yake yalikuwa yakinyauka kila mvua zikikatika.

"Mimi nimemzika mama mara mbili," akasema Ndekirwa, asiye na nyumba wala shamba. Mwenye zamu angalau hukaribishwa kulima shamba la mwingine kwa nusu ya mavuno.

Wazee, kwa kuogopa laana ya marehemu, wakamsukumia Nakijwa: "Wewe ndiye msomi. Amua, ingawa nawe umo."

Nakijwa akafungua kinywa. Kule juu kwenye visiki, kilio ambacho hakikuwa kimekoma hata siku moja kikanyamaza, kama mtu anayetega sikio.

Kinywa bado ki wazi. Haya, wewe uliyekaa hapo, zamu ungempa nani? Sema taratibu. Anasikia.