Jiwe Jeupe la Tumpe

Msichana mmoja alikuwa na mbio. Sisemi alijua kukimbia, maana hata mimi na kitambi hiki najua kukimbia nikifukuzwa na nyuki. Nasema alikuwa na mbio kama vile mwingine alivyo na sauti ya kuimba. Jina lake Sekela, na alisoma katika chuo cha ualimu kilichoko kilimani, kule kwenye baridi ambako wanachuo huenda kunywa uji wamejifunga mashuka. Ninyi mliohamia usharika wetu mwaka huu, mfano huu ni wenu. Wenyeji nanyi msilale, mmo ndani.

Chuo cha kilimani kilikuwa na timu ya wasichana ya mbio za kupokezana vijiti. Sekela alikimbia wa tatu, na wa mwisho, aliyempokea kijiti, alikuwa Tumpe, rafiki yake wa chumba kimoja. Mbio hizi mnazifahamu. Anayepokea hageuki kutazama nyuma. Huweka alama yake pembeni mwa njia, hatua kadhaa nyuma ya pale aliposimama, na mwenzake akiipita tu alama ile, yeye huondoka kwa nguvu zote, mkono ameunyoosha nyuma, kiganja wazi, akiamini kwamba kijiti kitafika. Alama ya Tumpe ilikuwa jiwe jeupe aliloliokota mtoni. Walilisogeza mbele, wakalirudisha nyuma, wakagombana, wakapatana, mpaka wakapata mahali pake hasa panapolingana na kasi ya Sekela. Tangu hapo kijiti hakikuanguka tena. Ilikuwa raha kuwatazama.

Kisha Sekela akahama. Chuo cha bondeni, ng'ambo ya mto, kilianzisha mafunzo ya kufundisha watoto wasiosikia, na Sekela alikuwa na mdogo wake asiyesikia, ambaye shule ya kijijini ilimkalisha nyuma kabisa mpaka akakoma kwenda. Aliomba nafasi, akapewa. Nasema mapema, kuhama kwake hakukuwa kosa, na mtu asitoke hapa akatangaza kwamba mchungaji amekataza watu kuhama. Kosa lake lilikuwa dogo, la kibinadamu. Aliogopa machozi. Asubuhi na mapema, Tumpe akiwa bado amejifunika blanketi hadi kichwani, Sekela alijitwisha sanduku lake akateremka kilima bila kumuaga mtu.

Bondeni walimpokea kwa vigelegele. Mkimbiaji wao wa mwisho alikuwa amehitimu, na hapa Mungu amewaletea mwingine mwenye miguu ya ajabu. Lakini vyuo vya nyanda zile vilikuwa na sheria. Huko nyuma viliwahi kuibiana wakimbiaji bila aibu. Godoro jipya na ahadi ya wali kila Jumapili vilitosha kumhamisha mtu katikati ya mashindano. Ndipo kamati ya michezo ikaamua kwamba aliyehama akae nje msimu mzima, isipokuwa watu wa chuo alichotoka wasimame wenyewe uwanjani, mbele ya wote, waseme kwa kinywa chao kwamba wamemwachia. Barua haikukubaliwa, maana barua huandikwa hata na asiyehusika.

Na ule ulikuwa mwaka wa mwisho wa Sekela chuoni. Msimu ukipita angekwenda kazini, na mbio za vijiti mtu hazikimbii peke yake kijijini. Akikaa nje, basi amekwisha kukimbia maishani mwake. Alilijua hilo, na kila jioni aliwatazama wenzake wa bondeni wakijinyoosha viungo.

Mwalimu wa michezo wa bondeni aliitwa Ambokile, mtu wa moyo mwema na maneno mengi. Alikwenda mbele ya kamati akazungumza kama mtu anayelipwa kwa neno. Alieleza kipaji cha Sekela. Alieleza haki za wanachuo. Alisema miguu ile ni zawadi ya Mungu, na kuikalisha benchi ni kumkosea aliyeitoa. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mnene asiye na haraka, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Mwalimu, habari ya miguu tumeielewa. Waliobaki kilimani wanasemaje?" Hakuna aliyekuwa amewauliza. Akarudi siku nyingine na maneno matamu zaidi. Akaulizwa swali lilelile.

Basi Jumamosi moja Sekela akavuka daraja, akapanda kilima kwenda kuomba mwenyewe. Njia nzima aliyapanga maneno yake, akayafuta, akayapanga upya. Alipofika uwanjani, wenzake wa zamani walikuwa mazoezini. Akasimama pembeni penye ua wa michongoma, akatazama.

Mahali pake alikuwa amewekwa msichana mfupi mwenye bidii, anaitwa Bupe. Bupe alikuja mbio, kijiti mkononi, macho yamemtoka. Alipolipita jiwe jeupe, Tumpe akaondoka kama aliyefyatuliwa, mkono nyuma, kiganja wazi. Bupe akamkimbiza kwa pumzi zake zote. Hakumfikia. Kijiti kikaanguka kwenye majani, na mkono wa Tumpe ukaenda mtupu mpaka mwisho wa njia. Wakarudia, ikawa vilevile. Wenzao wakaguna kwamba Bupe mzito, Bupe hafai. Bupe mwenyewe akawaomba radhi wote, na nadhani wangemwacha angekiomba radhi na kijiti.

Sekela alikwisha kuona shida iko wapi. Bupe hakuwa mzito. Jiwe lilikuwa bado mahali pa Sekela. Tangu siku ile alipoondoka, Tumpe alikuwa hajaruhusu mtu aliguse, naye mwenyewe hakuligusa. Kila siku msichana wa watu alipimwa kwa kasi ya mtu asiyekuwepo, na kila siku alionekana hafai.

Tumpe akamwona. Akasimama, mikono kiunoni, jasho linamtiririka.

"Karibu, mgeni," akasema. "Umesahau kitu? Maana siku ile kuaga hatukukusikia."

Wenzake wakacheka, kicheko kile cha watu wasiofurahi. Yale maneno yote aliyoyapanga njiani yakamtoka Sekela kichwani.

"Nisamehe, Tumpe," akasema. "Niliogopa kulia, nikakuachia wewe ulie."

Sekela akalikaribia lile jiwe, akainama.

"Liache!" Tumpe akapiga kelele. Lakini Sekela alikwisha kuliinua. Akalibeba kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto wa mwenzake, akalisogeza karibu na Tumpe, akaliweka chini. Kisha akamwambia Bupe, "Kimbia, mdogo wangu. Kimbia kwa mbio zako, usitafute zangu."

Mara ya kwanza alama ilikuwa karibu mno. Bupe akamvaa Tumpe mgongoni, wakaanguka wote wawili, wakagaagaa kwenye majani. Kila mtu akangoja ugomvi. Na pale chini Tumpe akaanza kucheka, tena kicheko cha kweli, kile cha kushika mbavu, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, nayo hakuyaficha. Wakainuka. Sekela akalirudisha jiwe nyuma kidogo. Bupe akaja tena, akalipita, Tumpe akaondoka, mkono nyuma, na kijiti kikatua kiganjani mwake, pa! Wasichana walipiga vigelegele mpaka wapishi wakatoka jikoni na miiko mikononi kuuliza kulikoni.

Sekela alibaki nao mpaka jioni. Walikula magimbi na chai, wakamsimulia aliyekosana na nani, nani kaposwa, naye akawasimulia namna ya kuzungumza kwa mikono, akawafundisha kusema "nimeshiba" na "ongeza chai". Waliitumia zaidi ile ya pili. Tumpe akamsindikiza hadi darajani, wakaagana kama watu wanavyopaswa kuagana, kwa kirefu, kila mmoja akigeuka geuka nyuma.

Alipofika bondeni, Mwalimu Ambokile alikuwa anamngoja getini.

"Wamekubali?"

Sekela akashika mdomo. Alikuwa amesahau kuomba.

Ambokile akaketi chini palepale kwenye nyasi, akajifunika uso kwa kofia yake. Kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, alikosa neno. Sekela alitaka kusikitika pamoja naye, ikamshinda. Alikuwa anacheka. Aliona wazi kwamba huenda hatakimbia tena, na bado moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko siku aliyopokewa kwa vigelegele.

Siku ya mashindano ikafika, na matarumbeta, na wauza karanga, na watu wamejaa mpaka juu ya matofali ya jengo ambalo halijakwisha. Kabla ya mbio za vijiti, mama mwenyekiti akasimama, akalitaja jina la Sekela, akauliza kama yuko mtu wa kilimani mwenye neno juu yake. Sekela alikuwa amekaa benchi, viatu havijafungwa kamba. Hakutaka hata kuinua macho.

Upande wa kilimani watu wakasogea kupisha njia. Kisha Tumpe akatoka mbele, amemshika Bupe mkono, akasimama katikati ya uwanja akasema kwa sauti ya kusikika hata na wauza karanga:

"Alipoondoka aliniacha mkono mtupu, amerudi mwenyewe akaujaza, basi mwacheni akimbie."

Nilikuwepo. Sijui kama nimewahi kusikia uwanja ukipiga kelele namna ile kabla mtu yeyote hajakimbia. Mama mwenyekiti, asiye na haraka, alipunga mkono upesi kabisa. Mwalimu Ambokile alirusha kofia juu, na mpaka leo hajaipata. Sekela alifunga kamba za viatu, akaenda kusimama kwenye mstari wa majivu, bega kwa bega na Tumpe, kwa maana sasa wote wawili walikuwa wa mwisho.

Bondeni walitangulia. Sekela akapokea kijiti akaondoka, na watu wakasema kwisha. Bupe alikuwa nyuma kidogo, anakuja kwa mbio zake mwenyewe. Akalipita jiwe jeupe, ambalo Tumpe alikuja nalo, na kijiti kikaingia mkononi mwa Tumpe bila kupoteza hata pumzi moja. Kwenye kona Tumpe akamfikia Sekela. Wakaja pamoja, wamekenua meno wote wawili, na watu hawakujua ni kwa uchovu au kwa furaha, na pale kwenye kamba ya mwisho Tumpe akatanguliza kifua.

Kilimani wakashinda. Na aliyekuwa wa kwanza kumbeba Bupe mabegani alikuwa Sekela, aliyeshindwa. Mtu mmoja karibu yangu akasema, "Huyu binti mjinga, kawafundisha wenyewe kumshinda." Nilimtazama yule binti akizunguka uwanja na mzigo wake mabegani, anacheka, anatoa machozi, na nikajiambia kwamba kama huo ndio ujinga, basi Mungu anipe na mimi.

Sasa turudi kwetu. Wageni, mmekuja kwangu mkinung'unika kwamba mmehamia hapa na sauti zenu nzuri, na kwaya haijawapa nafasi, na baraza halijawaita, na kwamba mko tayari leo hii. Najua mko tayari. Nimewasikia mkiimba, na nafasi zipo, wala sina nia ya kuwakalisha benchi. Nanyi wenyeji, mnaowapima wote waliokuja kwa kasi ya waliotuacha, Tumpe angeweza kulisogeza jiwe lile siku yoyote kwa mkono wake mwenyewe, nanyi mnayo ya kwenu. Lakini wewe unayegonga mlango wangu kila Jumapili ukiuliza utaanza lini, kabla sijakujibu nijibu wewe: kule ulikotoka, ni nani bado amenyoosha mkono nyuma anakungoja?