Mlango Uliopimwa kwa Kiuno cha Fundi Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi zile fisi bado wanaaminiwa kushika msumeno, Bi Chiriku alikuwa akiatamia mayai yake huku akitazama angani. Wingu jeusi lilikuwa linakuja. Masika yaliyopita upepo ulimwangushia kiota, mayai yakapasuka yote, akalia mpaka sauti ikamkauka. Safari hii aliapa kwamba wanawe watazaliwa ndani ya nyumba ya mbao, yenye paa na mlango.

Lakini chiriku na nyundo, wapi na wapi! Alikuwa bado anawaza hayo akatokea Fisi, fundi seremala, randa kwapani, kitambi mbele.

"Hodi, Bi Chiriku! Nasikia unatafuta fundi."

"Karibu, fundi. Ila sina cha kukulipa."

"Malipo ya nini, jirani? Mila inanitosha."

Mila yenyewe ilikuwa hivi: mlango wa nyumba mpya ulipimwa kwa kiuno cha fundi aliyeijenga, na siku ya kuhamia fundi huyo aliingia akiwa mgeni wa kwanza, akala alichokikuta ndani. Fisi akayatazama mayai, akameza mate. Gudu!

Chiriku akaingiwa na hofu. Akimkataa, mvua itayamaliza mayai. Akimkubali, Fisi atayamaliza. Akakitazama kile kitambi, akakitazama tena, kisha akacheka.

"Haya, fundi, anza kazi!"

Mzee Nyati, jirani mwenye nguvu, akaitwa kushika mbao. Msumeno ukalia keree, keree! Nyundo ikaitika ko, ko, ko! Fisi akaupigilia mkia wa Nyati pamoja na ukuta.

"Fundi, huo ni mimi!"

"Ah! Nikaona ubao gani huu una manyoya."

Wakang'oa misumari, wakaanza upya. Jioni nyumba ikasimama juu ya nguzo yake fupi, ukabaki mlango tu.

"Njoo unipime," Fisi akasema, akitabasamu kwa meno yote.

"Hebu kwanza, fundi. Unaumwa?"

"Mimi? Kwa nini?"

"Umekonda! Kiuno chote kimekwisha."

Hakuna aliyewahi kumwambia Fisi neno hilo. Kijiji kizima kilimwita Pipa. Alifurahi mpaka masikio yakamsimama.

"Kweli, eeh? Hata mimi nilikuwa naona suruali inanipwaya."

"Simama wima, vuta pumzi, wala usigeuke. Ukigeuka, kipimo kinaharibika."

Chiriku akachukua uzi wa ukindu, purr, akaruka nyuma, akauzungusha kwenye ncha ya mkia wa Fisi. Akaufunga fundo, akamletea. Kitanzi kilitosha ndimu.

Fisi akakitazama. "Hiki... ndicho kiuno changu?"

"Ndicho. Au unaona umenenepa? Tumwite Mzee Nyati apime upya?"

"Nani kanenepa? Wee!" Fisi akanyakua keekee, krii, krii, akatoboa mlango wa kupita ndimu.

Kesho yake matone yalianza, wakahamia. Nyati alilaza mayai juu ya ulimi akayapitisha mlangoni moja moja, ptu, ptu, Chiriku amefumba macho kwa woga. Kisha Chiriku mwenyewe akaingia akayafunika kwa mbawa zake.

"Bado fundi!" Nyati akatangaza.

Fisi akavuta pumzi, akajitupa. Paa! Ikaingia ncha ya pua peke yake. Akasukuma, akajikunja, akasukuma. Kule ndani Chiriku aliiona ile pua nyeusi ikinusa, akayakumbatia mayai yake.

"Vipi, fundi?" Nyati akauliza. "Umekwama kitambi?"

"Kitambi gani? Mimi nimeshaingia!"

Chiriku akashusha pumzi. "Karibu, fundi! Keti!"

"Nimeketi," Fisi akajibu, mgongo mzima unalowa nje.

"Kula basi ulichokikuta."

Fisi akatafuna hewa. Nyam, nyam, nyam. "Aah! Nimeshiba!" Tumbo lake likanguruma nguuu, mpaka Nyati akadhani ni radi.

"Nipishe na mimi nione nyumba," Nyati akasema, maana hakutaka kupitwa. Akaingiza ncha ya sikio. "Naam! Kuna joto humu! Nafasi tele!"

Mvua ikamwagika. Wale wakubwa wawili wakarudi kwao wamelowa chapa, wakibishana nani alikalia kiti kizuri zaidi. Huku nyuma yai la kwanza likapasuka, twii, na Bi Chiriku akalia tena, safari hii kwa furaha.

Basi, wanangu, apendaye sifa kuliko ukweli, hata njaa yake ataiita shibe.